Detroit baada ya ushindi: walichokiona James na Grace Lee Boggs

Mary Sheffield alipoanza kazi ya umeya wa Detroit Januari 2026, vyombo vya habari vilibeba jambo moja: mwanamke wa kwanza kuliongoza jiji hilo. Ni kweli, tena si jambo dogo. Babu yake, Horace Sheffield, alikuwa mmoja wa Weusi waliopigania nafasi ndani ya UAW, chama kikubwa cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, na mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa baraza la wanachama Weusi waliochoka kuambiwa wasubiri. Kwa hiyo hadithi imekuwa nyepesi kusimulia: babu aliandamana, mjukuu kaapishwa, safari ya haki za kiraia imefika. Mimi naona hadithi hiyo imeanzia pasipo pake. Detroit ilikwisha kufika kituo hicho Novemba 1973, ilipomchagua Coleman Young kuwa meya wake wa kwanza Mweusi, na kuanzia hapo ndipo harakati zenyewe zilipogawanyika. Waliokuwa wamepigania kuingia ofisini walijikuta wanabishana na waliokuwa wakiuliza jiji litakula nini viwanda vikishaondoka. Ubishi huo haujaisha, na uchaguzi wa Sheffield haukuumaliza. Anayetaka kuuelewa hana mashahidi bora kuliko mume na mke wanaharakati walioishi pamoja miaka 40, mingi yake katika nyumba ya mtaa wa Field, upande wa mashariki wa jiji: James na Grace Lee Boggs.

Hawa hawakuwa watu wa kukutana. James, ambaye wote walimwita Jimmy, alizaliwa 1919 huko Marion Junction, Alabama, akapanda kaskazini kwa kudandia treni za mizigo, na kuanzia 1940 hadi 1968 alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Chrysler kilichokuwa barabara ya Jefferson. Grace alizaliwa 1915 Providence, Rhode Island, kwa wazazi wahamiaji kutoka China, baba yake akiwa na mgahawa. Mwaka 1940 alipata shahada ya uzamivu ya falsafa katika chuo cha Bryn Mawr, lakini vyuo vya wakati ule havikuwa na habari na mwanafalsafa mwanamke mwenye sura ya Kichina. Akaishia Chicago, kwenye maktaba ya falsafa ya chuo kikuu, kwa mshahara wa dola 10 kwa wiki, akilala katika chumba cha chini ya nyumba kilichojaa panya. Panya hao ndio waliomwingiza kwenye siasa, kwa kuwa alijiunga na wapangaji Weusi wa mtaa ule waliokuwa wakidai nyumba za kukaliwa na watu. Alihamia Detroit mwaka 1953. Kwa simulizi yake mwenyewe, Jimmy alikuja kula kwake kwa mara ya kwanza akiwa amechelewa, akakikosoa chakula, kisha usiku huohuo akamposa, akakubali. Wakati huo ndoa ya watu wa rangi tofauti ilikuwa kosa la jinai katika majimbo mengi ya Marekani, na makachero wa FBI walipofungua faili la Grace walishindwa kuamini kwamba mwanamke anayefanya siasa hizi ni Mchina tu. Wakaandika kwamba huenda ana damu ya Kiafrika pia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo hapa ambalo halisemwi vya kutosha. Mwaka 1954 Grace alikaa miezi kadhaa London akifanya kazi na Mbiyu Koinange, aliyekuwa amekwama uhamishoni wakati hali ya hatari imetangazwa Kenya na baba yake, Mzee Koinange, yuko kizuizini. Matokeo ya kazi hiyo ni kijitabu cha Koinange kuhusu Wakenya wanavyojisemea wenyewe, na kilichapishwa Detroit mwaka 1955, kwa fedha zilizochangwa na wafanyakazi na marafiki wa mle mjini. Fikiria: wakati serikali ya kikoloni ilikuwa imeshafunga chuo cha ualimu cha Githunguri, ambacho wananchi walikijenga kwa michango yao wenyewe, habari zake zilikuwa zinafungashwa na kutumwa kwa posta kutoka jiji la magari. Grace alirudi kwa Jimmy na picha ya watu wasio na serikali waliojijengea shule. Nadhani picha hiyo ilikaa naye kuliko nadharia nyingi alizozisoma Bryn Mawr, na miongo mitatu baadaye ilijitokeza tena.

Kwanza, hata hivyo, walikuwa watu wa kudai madaraka, na hilo lisisahaulike kwa sababu ya yaliyofuata. Juni 1963 watu wanaokadiriwa kuwa 125,000 waliandamana barabara ya Woodward pamoja na Martin Luther King na Mchungaji C. L. Franklin, na King akasema siku ile maneno ya ndoto ambayo dunia iliyasikia Washington miezi miwili baadaye. Novemba mwaka huohuo, Malcolm X alihutubia mkutano wa viongozi wa mashinani katika kanisa la King Solomon. Akina Boggs walikuwa kwenye uandaaji wa mikusanyiko yote miwili. Mwaka uliofuata Grace alikuwa mhimili wa Freedom Now, chama cha Weusi kilichomsimamisha Mchungaji Albert Cleage kugombea ugavana wa Michigan. Kiliambulia kura kiduchu. Mwaka 1966 waliandika makala iliyosema waziwazi kwamba jiji ni ardhi ya mtu Mweusi: wazungu wanahamia vitongojini, Weusi wanakuwa wengi katika miji mikubwa, basi kwa hesabu za demokrasia za kawaida watawale kama vile Waitaliano na Waayalandi walivyotawala kabla yao. Julai 1967 Detroit ikawaka moto kwa siku tano; watu 43 walikufa na zaidi ya 7,000 wakakamatwa. Miaka sita baadaye utabiri wa makala ile ukatimia.

Young mwenyewe alikuwa kama pacha wa Jimmy. Alizaliwa Alabama mwaka 1918, akafanya kazi viwandani, akawa afisa mlenga mabomu katika kikosi cha anga cha Weusi cha Tuskegee, na mwaka 1952 aliwajibu kwa ukali wabunge waliokuja Detroit kuwasaka wakomunisti. Ushindi wake ulikuwa dhidi ya John Nichols, mkuu wa polisi, na suala kubwa la kampeni lilikuwa kikosi cha polisi kilichoitwa STRESS, kilichokuwa kimeua watu zaidi ya 20, karibu wote Weusi, katika miaka isiyofika mitatu. Young alikivunja. Kisha akafungua milango ya jeshi la polisi na ofisi za jiji kwa Weusi, na alipostaafu baada ya mihula mitano, Januari 1994, polisi wengi wa Detroit walikuwa Weusi. Anayesema siasa za kura hazikuleta kitu hajaongea na mama ambaye mwanawe alirudi nyumbani akiwa hai kwa sababu STRESS haikuwapo tena.

Sasa tofauti zao. Young alijua jiji linakufa njaa, na dawa yake ilikuwa kuwavuta wenye mitaji kwa gharama yoyote. Mwaka 1981 alitumia mamlaka ya jiji kuchukua eneo la Poletown ili General Motors wajenge kiwanda: watu wapatao 4,200 walihamishwa, nyumba zaidi ya 1,000, makanisa na maduka vikabomolewa, na Mahakama ya Juu ya Michigan ikabariki. (Mahakama hiyohiyo iliukana uamuzi wake mwaka 2004, kwa faida ya nani sijui, Poletown haikurudi.) Kisha akaja na kasino. Wakazi walipokataa aliwaita watu wa kupinga kila kitu, akawataka waseme wana mpango gani mbadala. Mwaka 1988 muungano wa wakazi ulimkabili, akina Boggs wakiwa mstari wa mbele, na Jimmy akajibu changamoto ile kwa mpango wa maandishi: tuache kusubiri mwajiri mkubwa mmoja atuokoe, tuanze viwanda vidogo vya kuoka mikate, kutengeneza vyakula, kukarabati nyumba na vyombo, vijana wafundishwe kujenga jiji lao badala ya kuandaliwa kulikimbia. Wapiga kura wakaikataa kasino. Mwaka 1992 wenzi hao na wenzao wakaanzisha Detroit Summer, mpango wa kuwaita vijana wakati wa likizo kulima viwanja vilivyotelekezwa na kuchora kuta, wakifundishwa bustani na wazee waliokuja kutoka Kusini na ujuzi wa shamba mikononi. Jimmy alifariki Julai 1993.

Hapa wachambuzi hugawanyika katika kambi tatu, na si zote zenye nguvu sawa. Dhaifu kuliko zote ni ile inayosema Detroit iliangamizwa na viongozi Weusi: ghasia za 1967 ziliwafukuza wazungu, Young akawasindikiza waliobaki, mengine yakafuata. Hoja hii husikika hata kwenye meza za kahawa za huku kwetu, ikitumika kama kielelezo cha lolote mtu anachotaka kukithibitisha. Tarehe zinaikanusha. Jiji lilikuwa na watu 1,849,568 mwaka 1950. Kufikia 1960 lilikuwa limepoteza karibu 180,000, na hapo hakukuwa na ghasia za 1967 wala Coleman Young. Hudson iliacha kuunda magari Detroit mwaka 1954, Packard 1956. Mitaa ya biashara ya Weusi ya Black Bottom na Paradise Valley ilivunjwa kupisha barabara kuu iliyopewa jina la Chrysler. Kitabu cha Jimmy cha 1963 kinaeleza mambo haya kutoka sakafuni kiwandani, miaka 10 kabla ya Young kuchaguliwa: mashine zinazojiendesha zinafuta kazi ambazo hazitarudi, na chama cha wafanyakazi kimekubali kubadilishana kazi za kesho kwa nyongeza ya leo. Kitu kingine ambacho kambi hii hukiruka ni Julai 1974. Young akiwa na miezi saba tu ofisini, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba vitongoji vya wazungu haviwezi kulazimishwa kushiriki kuchanganya wanafunzi na shule za Detroit. Kuanzia siku ile, mzazi aliyetaka kukwepa shule zenye watoto Weusi alijua kipimo: ahamie ng'ambo ya barabara ya 8 Mile, mpaka wa jiji upande wa kaskazini. Meya Mweusi alikabidhiwa jiji na mpaka wake ukapigwa muhuri.

Kambi ya pili ni nzito zaidi, nami sioni haya kuipa nusu ya haki. Inasema akina Boggs walikuwa na anasa ya kutotawala. Bustani hailipi pensheni ya zimamoto. Young alikuwa na mishahara ya kulipa kila mwisho wa mwezi, mapato ya kodi yakipungua kila mwaka, na serikali ya Reagan ikikata misaada kwa miji. Duka la mikate la mtaa lingeajiri watu watano. GM iliahidi 6,000. Mpango wa 1988 haukuwa na hesabu ya kuziba pengo la bajeti, na anayeusoma leo kwa unyofu atakiri kwamba unajibu swali la maisha ya mtaa zaidi kuliko swali la hazina ya jiji. Lakini nusu nyingine inabaki, nayo ni kwamba njia ya Young pia haikuziba pengo. Kiwanda cha Poletown kilifunguliwa 1985 na hakikuwahi kufika ahadi yake. Kasino ziliruhusiwa kwa kura ya jimbo zima mwaka 1996, zikafunguliwa kuanzia 1999, na zikawa kweli chanzo kikubwa cha mapato. Mwaka 2009, jiji likiwa limebanwa na mikataba ya riba lililoingia na mabenki, mapato hayohayo ya kasino yakawekwa rehani. Julai 18, 2013, meneja wa dharura aliyeteuliwa na gavana, Kevyn Orr, aliifikisha Detroit mahakamani kwa ufilisi wenye madeni yanayokadiriwa kuwa dola bilioni 18, mkubwa kuliko wa jiji lolote katika historia ya Marekani. Meya na baraza lililochaguliwa na wakazi, ambao zaidi ya asilimia 80 walikuwa Weusi, walikaa pembeni wakitazama. Kura waliyoipigania akina Horace Sheffield ilikuwapo. Mamlaka yake yalikuwa yameazimwa na Lansing, makao ya serikali ya jimbo. Wastaafu wa kawaida walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni na nyongeza za kila mwaka zikafutwa, na mwaka 2014 maelfu ya nyumba zikakatiwa maji kwa madeni.

Kambi ya tatu ndiyo inayonisumbua mimi, kwa sababu ni ya wapenzi wa akina Boggs wenyewe. Grace aliishi miaka 22 baada ya mumewe, akafariki Oktoba 2015 akiwa na umri wa miaka 100. Katika miaka hiyo ndiye aliyekuwa msimulizi. Alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1998, akapokea wageni wa kila namna katika nyumba ya mtaa wa Field, akawa bibi wa taifa kwa vijana waliokuja Detroit kutafuta maana. Kumbukumbu za mume na mke zikibaki kwa mmoja, hupungua upande. Aliyekuwa anajulikana katika miaka ya 1960 alikuwa Jimmy. Mwanafalsafa wa Uingereza Bertrand Russell alibadilishana naye barua. Ila Jimmy wa barua zile alikuwa mtu wa mashine, mshahara na ubwana wa kampuni. Jimmy anayesimuliwa leo na wageni wa bustani ni mzee mpole aliyeamini roho ya binadamu. Simlaumu Grace, maana maandishi yake yanamtaja mumewe kwa uangalifu kuliko wanavyomtaja wanaomnukuu yeye. Waliopokea kumbukumbu hizo ndio waliochukua bustani wakaacha kiwanda. Matokeo yake tunayaona: wawekezaji wa katikati ya jiji huweka picha za mashamba ya mitaani kwenye vipeperushi vyao, na jina la Boggs linatumika kupamba ufufuo ambao Jimmy angeuliza kwanza nani ana hisa ndani yake.

Ukiwasoma wawili hao pamoja, bustani ile inaeleweka vingine. Ilikuwa jibu la mfanyakazi aliyekwisha kukata tamaa na mwajiri, na hapo Githunguri inarudi: watu wanajenga taasisi zao kwa kuwa serikali haitawajengea, na kwa kujenga wanapata nguvu ya kuibana serikali. Koinange mwenyewe baadaye akawa waziri katika ofisi ya Rais Kenyatta, mmoja wa watu wenye nguvu kubwa Kenya, na shule za kujijengea zikabaki za kujijengea. Pengo kati ya aliyeshika ofisi na aliyebaki mtaani si la Detroit peke yake, na halielezwi na rangi ya aliye ofisini.

Hebu turudi kwa Sheffield. Anarithi jiji lenye habari njema za kweli. Mwaka 2024 ofisi ya sensa ilitangaza kwamba idadi ya watu wa Detroit imeongezeka kwa mara ya kwanza tangu 1957, na Mike Duggan, aliyemtangulia, ana haki ya kujivunia. Anarithi pia familia ambazo jiji lilizitoza kodi ya nyumba kupita kiasi kati ya 2010 na 2016, jumla ikikadiriwa na gazeti la Detroit News kuwa angalau dola milioni 600, katika miaka ileile ambayo wengi walipoteza nyumba kwa kushindwa kulipa kodi. Akiwa rais wa baraza la jiji alilisukuma suala hilo la fidia. Sasa ufunguo uko mkononi mwake. Na upande wa mashariki, si mbali na palipokuwa kiwanda cha Jimmy, Stellantis, kampuni iliyoirithi Chrysler, walifungua mwaka 2021 kiwanda kipya cha kuunganisha magari barabara ya Mack. Jiji liliwatafutia ardhi kwa kubadilishana viwanja, wakazi wakapewa nafasi ya kwanza ya kuomba kazi, na hilo lilikuwa hatua mbele ya Poletown kwa sababu wakazi walijadiliana kabla ya mkataba kusainiwa. Bado waliokaa nyuma ya ukuta wa kiwanda walilalamikia harufu ya rangi, na wakaguzi wa mazingira wa jimbo walikiandikia kiwanda makosa zaidi ya mara moja.

Pale Mack ndipo pa kumtazama meya mpya, zaidi ya kwenye sherehe za kuapishwa. Kampuni nyingine kubwa itakuja na ramani na ahadi ya ajira, kwa sababu huja kila baada ya miaka michache, na itataka ardhi, msamaha wa kodi na haraka. Young alikubali bila kuwauliza waliokaa juu ya ardhi hiyo. Duggan aliwauliza, kwa kiasi. Sheffield atakuwa na wanasheria walewale, sheria zilezile za jimbo, na mezani kwake hakutakuwa na mpango mbadala wenye hesabu isipokuwa wakazi wauandike kabla kampuni haijabisha hodi, kama Jimmy alivyojaribu mwaka 1988 akiwa na miaka 69 na kalamu ya mstaafu wa Chrysler.